Muulize Mwalimu: Digrii ya kupika mtori?

Barua za mwezi huu zimetoka Mwika, Majengo na Maji ya Chai. Ya kwanza imekula nafasi kubwa. Wenye maswali ya krimu za ngozi wanivumilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 20, kwetu ni Mwika. Nimemaliza kidato cha sita tahasusi ya CBN, yaani Kemia, Baiolojia na Lishe. Nataka kuomba Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nisome shahada ya masomo ya familia na walaji. Baba amegoma. Anasema hauzi ng'ombe ili mtoto akasomee kupika mtori miaka mitatu, wakati mama anaupika bila digrii. Baba mdogo naye anatia chumvi, eti hayo ni masomo ya wasichana walioshindwa hesabu. Masomo ya jikoni yalifikaje chuo kikuu? Nisaidie la kumjibu baba bila kumvunjia heshima. — Binti wa Mwika

Marahaba mwanangu. Baba yako ana haki juu ya mtori. Nimekula mtori wa Mwika msibani na harusini, na sijui chuo kitakachoushinda. Basi mngoje ale ashibe, kisha umwulize kwa upole: baba, bakuli hili lina protini kiasi gani? Na mtoto wa miezi tisa akilishwa hili tu asubuhi na jioni, nyama ikiwa ni ile iliyochemshiwa ikatolewa wakala wakubwa, atakuwaje akifika miaka miwili? Mama yako ni fundi wa kuupika. Swali hilo ni la fundi mwingine.

Na baba mdogo mwache kwanza, tutamrudia.

Mimi mwenyewe nilianza kwa dharau hiyohiyo. Nilipoingia sekondari katika miaka ya sabini, shule zilikuwa na michepuo minne: kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu, yaani masomo ya nyumbani. Nilitaka biashara. Nikapangiwa sayansi kimu, nikalia kwenye bweni siku mbili, maana kaka yangu alikuwa amenitabiria kuwa nitahitimu nikijua kufuma vitambaa vya kochi. Vitambaa nilifuma kweli. Lakini miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu mwenye watoto watatu, nilikwenda Morogoro kujiendeleza, na wiki ya kwanza badala ya keki nikakutana na kemia ya viumbe hai. Tulipewa mchicha, tupime vitamini C yake mbichi, kisha tuuchemshe kama tunavyochemsha nyumbani, mpaka ulainike na maji yamwagwe, tupime tena. Nilitazama kile kimiminika cha rangi kwenye chupa nikajiuliza ni miaka mingapi nimekuwa nikimwaga lishe ya wanangu kwenye karo.

Mhadhiri wetu alikuwa na mazoea ya kuanzia kila jambo mbali sana. Ndiye aliyetupa historia nitakayokusimulia, na nyingine nimeitafuta mwenyewe tangu nistaafu, kwa kuwa usingizi wa uzeeni ni mfupi.

Swali la baba yako, kwamba mwanamke anapika bila digrii, lina umri wa zaidi ya miaka mia. Huko Marekani wa kwanza kulijibu kwa sauti alikuwa mwanakemia, Ellen Swallow Richards. Mwaka 1873 alihitimu katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, mwanamke wa kwanza kusoma pale. Walipompokea hawakumtoza ada. Akadhani wamemwonea huruma kwa umaskini wake. Baadaye akagundua sababu: asipolipa ada, wakubwa wangeweza kusema huyu si mwanafunzi wetu. Mama huyu alipima maji ya mito ya jimbo zima, alipima vyakula vya dukani vilivyochanganywa uchafu, na mwaka 1899 akaanza kukutana na wenzake pale Lake Placid kila mwaka kujadili masomo ya nyumbani yafundishwe vipi na yaitwe jina gani. Wakakubaliana jina la uchumi wa nyumbani. Kwa hiyo aliyelisimamisha somo hili hakutokea jikoni. Alitokea maabara, akaona jikoni nako ni maabara, ila hakuna anayeandika matokeo.

Sasa njoo Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, maana hapo ndipo safari nzima inaonekana kama unatazama mlima asubuhi mawingu yakiwa hayajapanda. Mwaka 1900 chuo kile kilikuwa tayari kikiwatumia wakulima masomo kwa posta: udongo, miche, mifugo. Profesa Liberty Hyde Bailey akaona upungufu. Wake wa wakulima hakuna anayewaandikia chochote. Akamwita mwalimu mmoja, Martha Van Rensselaer, akampa chumba cha chini ya jengo. Kijitabu chake cha kwanza kilihusu jambo dogo kabisa: mama wa shambani anatembea hatua ngapi kwa siku kati ya kisima, jiko na meza, na afanyeje zipungue.

Ningependa baba yako asome hapo mara mbili. Hakuanza na mapishi. Alianza na miguu ya mama inayouma. Mwisho wa kijitabu aliweka maswali, na wanawake wakajibu kwa barua, maelfu yao, wengine wakisema ni mara ya kwanza mtu kuwauliza siku yao inaendaje. Mimi nilipofundisha huko Uru niliiga. Niliwapa wasichana wangu kamba ya katani, wakapime umbali anaotembea mama kutoka mgombani hadi zizini, zizini hadi mferejini, mferejini hadi jikoni. Mmoja alirudi na hesabu iliyomfanya baba yake ahamishe pipa la maji wiki ileile. Hilo ndilo somo lililoshindwa hesabu, mwambie baba mdogo.

Van Rensselaer wakati huo hakuwa hata na shahada. Aliipata palepale Cornell mwaka 1909, akiwa tayari anaongoza idara iliyoanzishwa mwaka 1907, yeye na mwenzake Flora Rose, mtaalamu wa lishe. Mwaka 1911 likaja suala la kuwapa uprofesa. Wahadhiri, wanaume watupu, wakakaa kikao, na uamuzi wao ukaandikwa: kwa jumla hawapendelei wanawake kuwa maprofesa, ila hawana pingamizi wakiteuliwa katika idara ya uchumi wa nyumbani. Nimelifikiria azimio hilo miaka mingi. Ni tusi na mlango, vyote kwa pamoja. Waliambiwa, kaeni huko jikoni kwenu mjiite maprofesa. Nao wakaingia, wakapanua jiko mpaka likawa shule, na mwaka 1925 bunge la jimbo likalifanya chuo kamili ndani ya chuo kikuu. Ndani yake waliajiriwa wanawake wa kemia, bakteria, uchumi na usanifu ambao idara nyingine zisingewafungulia. Kwa hiyo anayesema haya ni masomo ya wasichana aliowaacha mwalimu wa hesabu hajui kuwa kwa muda mrefu ndiyo yalikuwa kichaka walichojificha wasichana wenye hesabu.

Si kila walichofanya kilikuwa cha kusifu. Mwaka 1919 walichukua mtoto mchanga kutoka kwa walezi wa yatima, wakamweka kwenye nyumba ya mazoezi pamoja na wanafunzi, wamlee kwa zamu: leo wewe mama, mwenzako mpishi, mwingine mfagiaji, kesho mnabadilishana. Wakamwita Dicky Domecon, jina la pili likiwa ni kifupisho cha jina la somo. Baada yake wakaja wengine wengi. Walipimwa uzito, wakaandikiwa kila kijiko walichokula, kisha wakachukuliwa na familia za kuwalea, na familia ziliwagombania kwa kuwa ni watoto waliolelewa kisayansi. Walinenepa vizuri. Lakini mimi niliyelea watatu nikisoma habari hiyo moyo unakataa. Mtoto anajifunza harufu ya mtu mmoja, nanyi mnambadilishia mtu kama mnavyobadilisha shuka! Sisi chuo cha ualimu tulifanyia mazoezi mdoli wa mpira uliokatika mkono, tukamwogesha mpaka rangi ikatoka, na sasa naona ilikuwa heri.

Kinachonivutia zaidi ni miaka ya thelathini, wakati uchumi wa Marekani ulipoanguka na watu wakapanga foleni za supu. Chuo kile hakikuandika makala kuhusu njaa kisha kikalala. Flora Rose na wenzake walichanganya mahindi yaliyosagwa, maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta na chumvi, wakakipa jina Milkorno, chakula cha bei ya chini chenye protini. Mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, alikuwa rafiki yao wa siku nyingi. Machi 1933 akaandaa Ikulu chakula cha mchana kwa mpango wao: mayai, viazi vya kuponda na pudini ya plamu kavu, senti saba na nusu kwa mtu, naye Rais akawekewa mezani. Sasa tazama mfuko wa unga wa lishe unaouzwa sokoni Mbuyuni. Mahindi, soya, karanga, pengine na ulezi. Hesabu ni ileile: nafaka ina upungufu huu, jamii ya kunde au maziwa yanauziba, na bei lazima imfikie mama wa kawaida. Ubaya ni kwamba wauzaji wengine wanatia vitu kumi na viwili ili mfuko uonekane wa maana, karanga zenye ukungu zikiwemo, na hapo unampa mtoto sumukuvu kwa kijiko. Mtu wa kuligundua hilo ni wewe, ukienda Morogoro.

Palepale Cornell, katika miaka hiyo ya thelathini, alisoma Flemmie Kittrell, mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kupata shahada ya uzamivu katika lishe. Mwaka 1947 alitumwa Liberia kuchunguza watu wanakula nini. Akakuta matumbo yamejaa wali na muhogo, na hali miili ina njaa ya protini na vitamini. Akaiita njaa iliyojificha. Nilipoisoma hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilimwona mtoto mmoja wa jirani zamani zile, kihamba kimejaa migomba, ng'ombe wawili zizini, maziwa yote yanakwenda kuuzwa, mtoto anakula ndizi na chai ya rangi, uso umevimba, nywele zimekuwa nyekundu. Bibi yake alisema amerogwa. Ulikuwa unyafuzi. Alipona kwa maziwa, mayai na maharage ya kuponda, vyote vya nyumbani kwao. Usidhani ni hadithi ya kale tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mikoa mingine inayosifika kwa chakula kingi ndiyo yenye udumavu mkubwa. Chakula kipo. Anayejua kukipanga ndiye haba.

Turudi kwenye jina, maana naona ndilo linalomwudhi baba. Mwaka 1969 Cornell walilifuta jina la uchumi wa nyumbani, wakakiita chuo cha ikolojia ya binadamu. Sababu walizotoa ni nzuri: sasa wanasoma makazi, nguo, watoto, wazee, sera za serikali, si nyumba tu. Ila nami nina macho. Wakuu wote wa chuo kile tangu mwanzo walikuwa wanawake, na mwanamume wa kwanza alishika ukuu mwaka 1968, mwaka mmoja kabla ya jina kubadilika. Sisemi zaidi. Mwaka 1994 chama chao cha kitaifa nacho kikahamia jina la sayansi ya familia na walaji, na shahada unayoitaka wewe imefuata mkondo huohuo. Nilipokuwa Morogoro mimi, iliitwa uchumi wa nyumbani na lishe ya binadamu, kitu kimoja. Siku hizi lishe ina shahada yake, na familia na walaji ina yake.

Kwangu Waswahili ndio waliopatia jina, tena bila kikao cha Lake Placid. Sayansi kimu. Kukimu ni kumpa mtu mahitaji ya kuishi. Hakuna sufuria ndani ya neno hilo, hakuna mwanamke wala mwanamume. Baba yako anayekatia ng'ombe majani alfajiri anakimu. Na ukipata mkopo, ile bumu mtakayoisubiri kwa hamu pale Morogoro, kwa Kiswahili inaitwa fedha za kujikimu. Mchekeshe nalo: baba, usidharau kimu, ndiyo nitakayokuja kukuomba ikichelewa.

Pole yetu ni kwamba jina zuri hilo tumelitupa. Shule za msingi zilikuwa na sayansi kimu, ikaja ikamezwa na stadi za kazi. Sekondari bado kuna Chakula na Lishe, na Nguo na Ushonaji, ila shule zenye jiko la kufundishia zinahesabika, na mwalimu asiye na jiko hufundisha keki kwa chaki. Nimefanya hivyo miaka minne katika shule moja. Nilichora oveni ubaoni, wasichana wakainakili.

Kuhusu kazi, sitakudanganya kwamba ajira zimekusubiri zimejipanga. Chuo cha Sokoine, tangu kilipoundwa mwaka 1984 kutoka kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kimetoa watu wa fani hizi wanaofanya kazi halmashauri, viwanda vya vyakula, mashirika yanayoshughulikia watoto, hoteli, na shule. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, si jambo la jana. Angalia tu hivi: halmashauri ikitangaza nafasi ya afisa lishe huwa inataka shahada ya lishe yenyewe. Kama moyo wako uko kwa watoto na hospitali, omba lishe. Kama uko kwa kaya, bajeti, nguo, haki za mlaji na biashara ndogo, familia na walaji ndiyo yako. Nenda na vyeti vyako uulize kabla hujajaza fomu, kwani naona wengi wanajaza kwa kufuata rafiki.

Na ng'ombe asiuzwe. Kama anakamuliwa, lita zake za mwaka zitakulipia mengi kuliko bei ya mnadani. Piga hesabu hiyo kwenye karatasi, maziwa, pumba, dawa, umwoneshe baba. Ukimaliza mwambie hiyo ndiyo mada ya kwanza ya kozi.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanaume, miaka 26, mpishi wa mlimani, napandisha wageni Kilimanjaro. Nataka kusomea mapishi rasmi ila wenzangu wananiita "dada". Halafu nina swali: kwa nini maharage hayaivi kule juu hata nichemshe nusu siku? — Mpishi, Majengo

Marahaba baba. Hao wanaokuita dada huwa wanakula wapi mkiwa kambini? Punguza chumvi siku moja uone watakuitaje.

Nikwambie jambo litakalokufaa. Nimesimulia hapo juu habari za Cornell. Mwaka 1922, ndani ya idara hiyohiyo ya uchumi wa nyumbani iliyokuwa ya akina mama, ndipo walipoanzisha masomo ya uendeshaji wa hoteli, yakasimamiwa na Howard Meek. Yakajaa vijana wa kiume. Baadaye yakajitenga, yakawa shule inayojulikana duniani kote, na siku hizi mameneja wa mahoteli makubwa wanatembea na cheti chake bila kukumbuka kwamba kilizaliwa kwenye jiko la Martha na Flora. Kwetu ni vilevile. Ingia jikoni kwenye kambi za Serengeti au hoteli za Arusha, wamejaa wanaume, na hakuna anayewaita dada kwa sababu wanalipwa.

Swali lako la maharage limenifurahisha kuliko barua zote. Maji yanachemka yanapoishinda hewa inayoyakandamiza. Juu mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo yanachemka mapema, yakiwa bado hayajapata moto wa kutosha. Pwani yanachemka kwa nyuzi 100. Kila ukipanda kama mita 300, toa nyuzi moja. Hapa Moshi mjini ni kama 97. Kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, ni kama 85 tu. Mapovu unayaona, unadhani yanawaka, kumbe ukiongeza gesi unaongeza mvuke, joto halipandi. Maharage kwa nyuzi 85 yanaoga. Njia ni mbili: sufuria ya presha, inayoyafungia maji hewa yake yenyewe mpaka joto lipande, au kuyaivisha kabisa chini kabla ya safari na kupandisha yaliyoiva. Nyama ngumu vilevile, na mchele uulowanishe kwanza. Wenzako wakibisha waoneshe kwa kipimajoto, usigombane.

Masomo yapo karibu. VETA wana chuo cha hoteli na utalii Njiro, Arusha, na Chuo cha Taifa cha Utalii nacho kina kampasi Arusha. Nenda nje ya msimu, Aprili na Mei mvua zikiwa kubwa na wageni wachache, uulize ratiba inayomfaa mtu mwenye kazi.

Mwalimu, shikamoo. Nimeolewa Maji ya Chai ila mume ni wa Kibosho. Mama mkwe hunitumia magadi ya kupikia maharage na kiburu, zile ndizi za maharage. Mwanangu wa miaka sita meno ya ukubwani yanatoka na madoa ya kahawia. Namsugua kwa dawa ya meno mpaka analia. Nakosea wapi? — Mama Junia

Marahaba mama. Acha kumsugua, madoa hayo hayako juu ya jino, yako ndani yake. Ni floridi. Upande wenu wa Meru maji mengi ya chemchemi na visima yamepita kwenye mawe ya volkano, yanabeba floridi kuzidi ile miligramu moja na nusu kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka kuwa kikomo. Jino la mtoto likijengeka ufizini linaimeza. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kunazidisha, maana maji yanapungua na floridi inabaki.

Na magadi yanaongeza juu yake. Mengi yanatoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, nayo yana floridi ya kwake, ndiyo maana hata huko Kibosho, ambako maji si mabaya, watafiti wa meno walikuta watoto wenye madoa kama ya mwanao. Tena magadi yanaua vitamini B1 kwenye maharage. Yanalainika haraka, ni kweli, ila unachokula kimepungua.

Fanya hivi. Maji ya kunywa na kupikia ya mtoto yawe ya mvua, uyakinge kwa bati safi, ya kwanza yamwage, ndipo uyachemshe. Kama mvua haitoshi, uliza pale Ngurdoto, kuna kituo cha kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa, utaona chujio la nyumbani linavyofanya kazi. Maharage yaloweke usiku kucha, asubuhi maji yale mwaga, weka mapya, yafunike, na nyanya na ndimu visubiri yaive kwanza, maana uchachu unayagomesha. Meno yaliyokwisha kutoka na madoa mpeleke kwa daktari wa meno, ana namna ya kuyafunika mtoto akikua. Yale ambayo bado yako ufizini ndiyo unayoyaokoa sasa, na kama una mdogo wake, anza naye leo.

Mama mkwe usibishane naye, ametuma kwa upendo. Pokea, shukuru, halafu uyatumie kung'olea masizi kwenye masufuria. Yanang'oa kweli.